Jembe la Kampuni: Makoloni ya Waingereza na Waholanzi Yalilipiwa kwa Ardhi ya Nani?

Mwezi Februari mwaka 1657, watumishi tisa wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki waliokuwa wakiishi katika ngome ya Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, waliachiliwa kutoka utumishini na kukabidhiwa mashamba kandokando ya mto Liesbeek. Katika daftari za kampuni waliandikwa kuwa raia huru. Uhuru wenyewe ulikuwa na mipaka mingi: ngano yao walipaswa kuiuzia kampuni kwa bei iliyopangwa na kampuni, hawakuruhusiwa kununua ng'ombe wa wenyeji kwa bei iliyozidi ile ya kampuni, na zana za kulimia walizipata kwa mkopo kutoka ghala la kampuni ileile. Lakini ardhi waliambiwa ni yao. Katika barua zilizotangulia uamuzi huo, baina ya kamanda Jan van Riebeeck na wakubwa wake wa Uholanzi, hoja iliyorudiwarudiwa ilikuwa gharama. Mtumishi hupokea mshahara na posho ya chakula kila mwezi, ilhali mkulima hujilisha mwenyewe na chakula kinachobaki hukuuzia wewe.

Wakhoikhoi, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wakileta ng'ombe na kondoo wao kwenye malisho yaleyale ya bonde la Liesbeek kila majira yalipowadia, hawakuulizwa. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inamweka mwenyeji kuwa mtoa jembe, na shamba linalolimwa ni lake yeye. Pale Liesbeek mgeni mmoja alimpa jembe mgeni mwenzake, wakaenda kulima shamba la mtu wa tatu.

Nimeanza na tukio hili dogo kwa sababu nadhani linaeleza chanzo cha makoloni ya awali ya Waingereza na Waholanzi vizuri kuliko maelezo tuliyoyazoea darasani. Tulifundishwa kwamba Mwingereza alikwenda ng'ambo kutafuta makazi na Mholanzi alikwenda kutafuta biashara, kana kwamba kila taifa lilizaliwa na hulka yake. Ukizifuatilia karne ya kumi na saba na hesabu zake, utakuta jambo jingine. Wote wawili walianza kama wafanyabiashara, na wote wawili hawakuwa na hamu ya kuwatunza wakulima maskini upande wa pili wa bahari. Ulowezi ulianza, mara baada ya mara, pale kampuni ilipogundua kuwa biashara hailipi gharama zake na kwamba kitu pekee inachoweza kugawa bila kutoa fedha ni ardhi isiyokuwa yake. Neno letu "mlowezi" linatokana na kulowea, yaani kukaa ugenini mpaka ugeni wenyewe ukasahaulika. Swali langu ni nani aliyewalipa watu hao walowee, na aliwalipa kwa nini.

Tuviangalie kwanza vyombo vyenyewe. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipata hati ya Malkia Elizabeth wa Kwanza siku ya mwisho ya mwaka 1600. Mwaka 1602 Waholanzi waliyaunganisha makampuni yao madogo yaliyokuwa yakishindana na kuunda moja lenye mtaji wa takriban gilda milioni 6.4, uliochangwa na watu wa kila daraja. Hata mjakazi mmoja wa Amsterdam aliandikisha gilda 100. Kampuni ya Virginia ya London ilipata hati ya Mfalme James mwaka 1606, na Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi ikafuata mwaka 1621. Hati hizo ziliwapa wafanyabiashara mamlaka ambayo leo tunayahesabu kuwa ya dola: kujenga ngome, kuajiri askari, kufunga mikataba na watawala wa mbali, na kuwahukumu watu. Kijiji cha wakulima hakikuwamo katika ndoto za wanahisa. Mwanahisa alitaka meli iondoke na fedha na irudi na pilipili manga, au dhahabu, au ngozi, na asiulizwe tena habari ya watu waliobaki huko.

Virginia ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu kampuni yake ilishindwa kwa kila kipimo na bado koloni lake likaendelea kuishi. Watu wapatao 100, wote wanaume na wavulana, walishuka Jamestown mwezi Mei 1607, katika nchi ya Tsenacommacah iliyokuwa chini ya mtawala mkuu Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Wengi wao walikuwa waungwana ambao hawakuwahi kushika jembe, na muda si mrefu wakaongezewa mafundi wa kusafisha dhahabu. Dhahabu haikuwapo. Walichokula ni mahindi ya wenyeji, kwa kununua, kwa kuomba au kwa kunyang'anya, na Powhatan alipoukata mkono huo, majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yaliwapunguza kutoka mamia kadhaa hadi watu kama 60 tu. Mifupa ya msichana wa takriban miaka 14 iliyofukuliwa Jamestown mwaka 2012 ina alama za kisu zinazoonyesha kuwa nyama yake ililiwa.

Kwa miaka ya mwanzo kampuni iliendesha mahali hapo kama kambi. Watu walifanya kazi kwa amri, mazao yakaingia ghala moja, na sheria zilikuwa za kijeshi. Kazi ilikwenda kwa kuburuta miguu. Mwaka 1614 gavana Thomas Dale alijaribu kuwapa wale waliokaa muda mrefu vipande vya ekari tatu kila mmoja wajilimie, na chakula kikaongezeka. Miaka miwili baadaye London ikakumbwa na aibu ya aina nyingine: wakati wa kuwalipa wanahisa gawio ulifika na sanduku lilikuwa tupu. Kampuni ikatangaza gawio la ardhi, ekari 50 kwa kila hisa. Mwaka 1618 ikapiga hatua zaidi na kuahidi ekari 50 kwa yeyote atakayelipa nauli ya mtu mmoja kuvuka bahari, yeye mwenyewe au mwingine.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka, na inafaa tuitazame kwa utulivu. Kampuni iliyofilisika ilipata namna ya kusafirisha watu bila kutumia hata senti moja yake. Tajiri aliyelipa nauli ya vijana kumi alipata ekari 500, na pia alipata nguvu kazi ya vijana hao, kwa sababu maskini aliyelipiwa nauli alijifunga kwa mkataba kuitumikia nauli hiyo, kwa kawaida kwa miaka minne hadi saba. Zao la kulipia mambo hayo lilikuwa limepatikana: John Rolfe alikuwa amefanikiwa kuotesha aina ya tumbaku tamu iliyotoka katika makoloni ya Wahispania. Na tumbaku huchosha udongo kwa misimu michache. Kwa hiyo kila mwaka palihitajika shamba jipya, na kila mtumishi mpya alileta haki ya ekari nyingine 50. Kila kitu katika mpango ule kilisukumwa kwenda mbele, na mbele kulikuwa na vijiji vya watu.

Wapo wanaopenda kuutaja mwaka 1619 kama mwaka wa kuzaliwa kwa demokrasia ya Amerika, kwa kuwa tarehe 30 Julai wawakilishi wa walowezi walikutana Jamestown katika baraza lao la kwanza. Sipingi kwamba walikutana. Ninachosema ni kuwa baraza hilo lilitoka katika fungu moja na zile ekari 50: kampuni isiyoweza kuwalipa watu iliwapa ardhi na sauti, vitu viwili ambavyo havikupunguza chochote katika sanduku lake. Mwaka 1620 ikawapelekea pia wanawake wapatao 90, na mwanamume aliyemwoa mmojawapo alitakiwa kuilipa kampuni ratili 120 za tumbaku nzuri kufidia gharama ya safari. Hata ndoa iliingizwa kwenye daftari.

Mwezi Machi 1622, Opechancanough, aliyekuwa ameshika uongozi wa vita baada ya Powhatan kufariki, aliongoza mashambulizi yaliyoua walowezi 347. Huko London mtu mmoja wa kampuni aliandika kwa furaha isiyojificha kwamba sasa mikono iliyokuwa imefungwa na upole imefunguliwa, na kwamba mashamba ambayo wenyeji wameshayasafisha, yaliyo katika sehemu nzuri kuliko zote, yatakaliwa na Waingereza. Ukiyasoma maneno hayo baada ya kuisoma sera ya 1618, hayashangazi. Mwaka 1624 mahakama iliifuta hati ya kampuni na koloni likawa la Mfalme. Hesabu ya watu iliyofanyika mapema mwaka 1625 ilikuta kama 1,200 tu, baada ya maelfu kupelekwa. Wanahisa walipoteza fedha zao. Walowezi walibaki na ardhi.

New England inatofautiana kidogo na hoja yangu, na ni haki niseme hivyo. Abiria 102 wa Mayflower waliofika mwaka 1620, na hasa wale waliokuwa wameishi Leiden nchini Uholanzi kwa zaidi ya miaka kumi, waliongozwa na dini, na huwezi kuwaeleza kwa daftari peke yake. Nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Waliobaki walilima mashamba ya kijiji cha Patuxet ambacho watu wake walikuwa wamekwisha kwa maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya miaka michache kabla, na walisaidiwa na Tisquantum, mtu wa Patuxet aliyenusurika kwa sababu alikuwa ametekwa na kupelekwa Ulaya. Lakini hata wao walikuwa na wafadhili wa London waliotaka faida. Waliendesha kazi kwa ubia mpaka mwaka 1623, njaa ikawalazimisha kugawana mashamba kwa familia, na deni lao liliwaandama kwa zaidi ya miaka 20. Massachusetts iliyofuata mwaka 1630 ilikwenda mbali zaidi kwa hila moja ya kisheria: wanahisa walihama pamoja na hati ya kampuni yenyewe, hivyo mkutano wa wanahisa ukageuka kuwa bunge. Mpaka leo bunge la jimbo hilo linaitwa Baraza Kuu, jina la mkutano wa kampuni. Ndani ya miaka kumi watu wapatao 20,000 walikuwa wamevuka bahari kwenda huko, na mwaka 1637 Wapequot, mojawapo ya makabila ya wenyeji, wakateketezwa.

Sasa tuwaendee Waholanzi wa Amerika, ambao habari zao zinanivutia zaidi kwa kuwa zinaonyesha sera ileile ikikosewa. Henry Hudson, nahodha Mwingereza aliyeajiriwa na Waholanzi, aliupanda mto unaoitwa kwa jina lake mwaka 1609 akitafuta njia ya kwenda Asia. Alichokileta ni habari za biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za Ulaya. Biashara ya ngozi haihitaji walowezi. Inahitaji ngome, mizani, na wenyeji wenye kujua kuwinda. Kampuni ya India Magharibi ilipeleka familia kama 30 mwaka 1624, nyingi zikiwa za Wawalloni wanaosema Kifaransa, ili ziilishe ngome na kuthibitisha dai la nchi, na mwaka 1626 ikarekodi kuwa imekinunua kisiwa cha Manhattan kwa gilda 60. Watu hucheka bei hiyo. Jambo la maana zaidi ni kwamba kwa desturi ya watu wa bonde lile, kupokea zawadi na kumruhusu mgeni atumie ardhi hakukuwa sawa na mwenyeji kuhama asirudi tena.

Gharama zilipozidi, Amsterdam ilifanya kama London ilivyofanya, ila iliwapa matajiri badala ya watu wa kawaida. Kwa mpango wa mwaka 1629, mwanahisa aliyeahidi kuleta watu wazima 50 ndani ya miaka minne alipewa milki kubwa kando ya mto, pamoja na mamlaka ya kuhukumu waliomo. Ni milki moja tu iliyosimama kweli, ya mfanyabiashara wa vito Kiliaen van Rensselaer, ambaye hakuwahi kuikanyaga. Kwa nini mtu wa kawaida avuke bahari akawe mpangaji wa kabaila, wakati Uholanzi ya zama hizo ilikuwa na mishahara mizuri kuliko karibu nchi yoyote ya Ulaya? Kampuni ililegeza masharti mwishoni mwa miaka ya 1630, ikafungua biashara ya ngozi kwa wote na kutoa mashamba madogo, lakini muda ulikuwa umepotea.

Wakati huohuo mkurugenzi wake, Willem Kieft, alitafuta fedha mahali pengine. Mwaka 1639 aliwataka wenyeji walipe kodi ya mahindi, ngozi na shanga za wampum, kwa hoja kwamba kuilinda nchi ni gharama kubwa. Kwa wenyeji, kuombwa kulipia ngome iliyojengwa na mgeni ili ajilinde dhidi yao lilikuwa jambo la kushangaza. Chuki ilikua, na usiku mmoja wa Februari 1643 askari wa Kieft waliua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto, waliokuwa wamekimbilia karibu na mji kujificha na maadui wengine. Vita vilivyofuata viliyateketeza mashamba ya Waholanzi wenyewe. Mwaka 1644, katikati ya vita, kampuni iliwapa Waafrika 11 waliokuwa watumwa wake kwa takriban miaka 18 uhuru nusu na mashamba kaskazini ya mji. Mashamba hayo yalikaa baina ya mji na maadui, na watoto wa watu hao, waliozaliwa na watakaozaliwa, walibaki mali ya kampuni. Katika historia yote hii sijui mfano unaonyesha kwa uwazi zaidi jinsi ardhi ilivyotumika kama fedha na kama ngao kwa wakati mmoja.

Meli nne za Kiingereza zilipofika mbele ya New Amsterdam, mji wa Waholanzi pale Manhattan, mwaka 1664, koloni lote la Waholanzi lilikuwa na watu wasiozidi 9,000 hivi, wakati majirani zao Waingereza walikuwa maradufu mara kadhaa. Gavana Peter Stuyvesant alitaka kupigana. Watu 93 wa mji walitia sahihi barua ya kumsihi asalimu amri, na mmoja wao alikuwa mwanawe wa kumzaa. Hakuna bunduki iliyolia. Katika mkataba wa Breda wa mwaka 1667 Waingereza waliibakiza nchi hiyo, waliyoiita New York, na Waholanzi wakabaki na Suriname ya Amerika Kusini waliyokuwa wameiteka, pamoja na kisiwa kidogo cha Run huko Banda, kilichojaa miti ya kungumanga. Leo wengi huiona biashara hiyo kuwa ya kipumbavu. Kwa daftari za mwaka 1667 haikuwa ya kipumbavu hata kidogo: Suriname ilitoa sukari, Run ilikamilisha ukiritimba, na New York ilikuwa imeleta hasara.

Tukivuka kwenda Asia tunakutana na Waholanzi wale ambao eti ni wafanyabiashara tu. Visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, vilikuwa mahali pekee duniani palipojulikana kuotesha kungumanga na basibasi, viungo ambavyo wapishi wa pwani yetu wanavifahamu vizuri. Wabanda waliviuza kwa Wajava, Waarabu, Wachina na yeyote aliyeleta mchele na nguo. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliwashurutisha wauze kwake peke yake, kwa bei yake, na walipoendelea kuuza kwingine, gavana mkuu wake, Jan Pieterszoon Coen, alikwenda mwaka 1621 na kundi kubwa la meli. Viongozi 44 waliuawa na askari wa kukodi wa Kijapani waliokuwa katika jeshi lake. Kati ya watu wapatao 15,000 wa visiwa hivyo, waliobaki walikuwa kama 1,000. Wengine waliuawa, walikufa njaa, walipelekwa utumwani Batavia au walikimbilia visiwa vingine.

Kisha, ona kilichofuata. Kampuni iligawa mashamba ya kungumanga katika vipande 68 na kuwapa watumishi wake wa zamani, kwa sharti la kuiuzia mazao yote kwa bei iliyopangwa, na kuyalima kwa watumwa ambao yenyewe iliwaleta. Ni utaratibu uleule ambao van Riebeeck angeutumia Liesbeek miaka 36 baadaye. Banda ni ulowezi kamili, isipokuwa walowezi walikuwa wachache. Mji wa Batavia, ambao Coen aliujenga mwaka 1619 juu ya majivu ya Jayakarta, ulikua zaidi kwa jasho la Wachina waliojenga, waliolima mboga na waliosaga miwa kuliko kwa Waholanzi, na mwaka 1740 Wachina hao waliuawa kwa maelfu.

Kwa hiyo hoja ya hulka ya mataifa hainishawishi. Tofauti iliyopo ni ya hesabu ya watu na ya malipo. Uingereza iliongezeka kutoka watu kama milioni tatu katikati ya karne ya kumi na sita hadi kama milioni tano karne moja baadaye, mishahara ikashuka na mashamba ya pamoja yakazungushiwa ua. Palikuwa na vijana wengi ambao ekari 50 za baadaye, au hata chakula cha uhakika tu, ziliwatosha kuhatarisha maisha. Zaidi ya watu 300,000 waliondoka kwenda Amerika katika karne ya kumi na saba, na wengi wao walikwenda Karibi. Uholanzi nayo ilipeleka watu wengi mno. Katika miaka yake karibu 200 Kampuni ya India Mashariki ilisafirisha karibu watu milioni moja kwenda Asia, wakiwemo Wajerumani na Waskandinavia maskini wengi, na sehemu kubwa hawakurudi. Hao walikwenda kwa mshahara, kama mabaharia na askari. Wakurugenzi, waliojulikana kama Mabwana Kumi na Saba, waliwaogopa raia huru kwa sababu raia huru angefanya biashara na kuwa mshindani wao. Mtu akilipwa mshahara, kaburi lake linamaliza mkataba. Akilipwa ardhi, anaacha warithi.

Katika hesabu hizi kuna waliolipa bila kupewa chochote. Mwishoni mwa Agosti 1619, meli ya White Lion ilitia nanga karibu na Jamestown ikiwa na Waafrika "ishirini na kitu", waliotekwa katika vita vya Wareno dhidi ya ufalme wa Ndongo na kupakiwa Luanda, kisha wakanyang'anywa baharini kutoka katika meli ya Wareno. White Lion ilikuwa ya Waingereza, lakini ilibeba ruhusa ya Kiholanzi ya kuteka meli za adui, na Rolfe aliiandika kuwa ni manowari ya Kiholanzi. Mataifa haya mawili hayakuwa mbali hivyo. Watu hao walibadilishwa kwa chakula. Barbados, iliyoanza kukaliwa na Waingereza mwaka 1627, iligeukia sukari katika miaka ya 1640, ikamaliza ardhi yake, wakulima wadogo wakabanwa, na mwaka 1661 ikatunga sheria ya utumwa iliyokuja kunakiliwa kwingine. Virginia iliamua mwaka 1662 kuwa mtoto hufuata hali ya mama yake. Kwa sheria hiyo tajiri hakuhitaji tena kulipa nauli ili aongeze wafanyakazi. Tumbo la mama lilimwongezea.

Msomaji wa Kenya ataitambua njia hii bila kuonyeshwa. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888, ikaishiwa fedha, na mwaka 1895 serikali ikachukua nchi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ufukwe wa Ziwa Victoria mwezi Desemba 1901, ikiwa imegharimu zaidi ya pauni milioni tano za mlipakodi wa Uingereza, na haikuwa na mizigo ya kutosha kujilipa. Kamishna Charles Eliot aliona dawa ni kuwaita walowezi wazalishe mizigo hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilifungua mlango, na mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 kwa miaka 99. Zaidi ya karne mbili na nusu zilikuwa zimepita tangu lile gawio la ardhi la London, na bado deni lililoandikwa Uingereza lililipwa kwa malisho ya watu ambao hawakuwahi kukopa.

Nirudi Rasini. Kituo hicho chenyewe kilizaliwa kwa kushindwa: mwaka 1607 na tena 1608 Waholanzi waliizingira ngome ya Wareno ya Kisiwa cha Msumbiji wakaondoka mikono mitupu, na meli zao zikaendelea kuhitaji mahali pa kuteka maji na kupata nyama na mboga njiani. Van Riebeeck aliposhuka Aprili 1652 na watu kama 90, alikuja na maagizo ya bustani na zizi, na hakuagizwa kuanzisha nchi. Miaka mitano baadaye wakaja wale raia tisa, mwaka 1658 meli mbili za watumwa, na mwaka 1659 vita na Wakhoikhoi. Kufikia mwaka 1795, Waingereza walipoiteka Rasi, raia wa asili ya Ulaya walizidi 13,000, watumwa walikuwa wengi kuliko wao, na walowezi wa Graaff-Reinet na Swellendam walikuwa wameshaifukuza mamlaka ya kampuni iliyowapa babu zao jembe.

Katika mazungumzo ya amani ya mwaka 1660, kama van Riebeeck mwenyewe alivyoandika katika shajara yake, Wakhoikhoi walimwambia kwamba Waholanzi wanazidi kuchukua ardhi iliyokuwa yao tangu zamani, na wakamuuliza kama wao wangekwenda Uholanzi wangeruhusiwa kufanya hivyo. Alipoona hana jibu la kuwaridhisha, aliwaambia kuwa ardhi imetwaliwa kwa upanga na itashikwa. Basi wakaomba jambo dogo zaidi: waruhusiwe walau kuja kuokota lozi chungu zinazoota porini, ambazo walikuwa wakizila siku zote. Hilo nalo alilikataa. Aliandika kwamba wangepata nafasi ya kuwadhuru raia huru, na tena kwamba mwaka huo lozi hizo alizihitaji yeye, kwa sababu alikusudia kuzipanda ziwe ua wa kuwazuia wasiingie.